Mirathi ya Dakika

Mwaka 2009, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa na Memphis Grizzlies, wa pili katika drafti nzima ya NBA, yaani zamu ambayo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, mimi nilikuwa Dar es Salaam, na vijana wote tuliokuwa tukicheza kikapu tulihisi kama tumechaguliwa pamoja naye. Msimu ulipoanza nilikuwa naenda kwenye intaneti kafe asubuhi kutazama matokeo. Nilikuwa natafuta pointi zake. Baada ya wiki kadhaa nikagundua kwamba safu inayonihusu ipo upande wa kushoto zaidi, safu ya dakika, na huko namba zilikuwa ndogo. Februari 2010 akapelekwa kwa muda kwenye timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards, na niliumia kana kwamba ni ndugu yangu aliyefukuzwa kazi. Urefu wa mita 2 na zaidi aliokuwa nao haukupotea, wala uwezo wake wa kuzuia mitupo. Alichokosa ni nafasi ya kusimama uwanjani.

Ilinichukua zaidi ya miaka kumi, na hela zangu kadhaa, kuelewa kwamba somo lile lilikuwa limeshakamilika pale kafe.

Niliingia kwenye fantasi ya kikapu ya kila siku mwishoni mwa 2021, nikiwa tayari naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, na kufanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Kwa asiyeujua mchezo huu, niueleze kwa kifupi. Kila siku yenye mechi unapewa bajeti ya dola za kufikirika, na kila mchezaji wa NBA ana bei yake. Kwenye DraftKings, ninakocheza mimi, bajeti ni 50,000 na unanunua wachezaji wanane: gadi wawili (wanaoendesha mpira), fowadi wawili (wa pembeni na ndani), senta (mrefu wa karibu na kikapu), gadi wa ziada, fowadi wa ziada, na mmoja wa nafasi yoyote. Wanachofanya uwanjani usiku ule kinageuzwa kuwa alama. Pointi moja ni alama 1, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) ni 1.25, asisti (pasi inayozaa kikapu) ni 1.5, kuiba mpira au kuzuia mtupo ni 2. Ukipoteza mpira unakatwa nusu alama. Unaweka kiingilio cha hela halisi, na kikosi chako kinashindana na vikosi vya watu usiowajua.

Gawa 50,000 kwa wanane, kila mmoja anapata 6,250. Lakini Nikola Jokić peke yake mara nyingi anagharimu zaidi ya 11,000. Ukimtaka yeye na nyota mwingine wa 10,000, umebakiwa na 29,000 kwa watu sita, yaani wastani usiofika 4,900. Bei ya chini kabisa ni 3,000. Kwa hiyo huna ujanja, lazima ushuke chini kwenye orodha, kwenye majina ambayo hata watangazaji huyasoma kwa kusitasita, na huko ndiko mshindi na mshindwa wanakoachana. Jokić kila mtu anamjua. Wa 3,200 ndiye anayehitaji kazi.

Miezi miwili ya kwanza nilifanya kazi hiyo vibaya mno. Nilikuwa nachagua wa bei ya chini kwa macho ya mtazamaji. Huyu nilimwona mwaka jana akitupa vizuri. Yule alichaguliwa mapema kwenye drafti, ana kipaji, lazima siku moja alipuke. Yule mwingine ni mkongwe niliyempenda tangu nikiwa nyumbani. Usiku mmoja wa Desemba nilimweka mkongwe wa namna hiyo, simtaji kwa sababu kosa lilikuwa langu, na sikujiuliza atacheza dakika ngapi. Aliingia mwishoni, mechi imeshaamuliwa, akafunga kikapu kimoja. Alama mbili. Nyota wangu wawili walifanya maajabu usiku ule na bado sikupata kitu.

Aliyenizindua ni kijana wa Lubumbashi niliyekuwa napanga naye mizigo. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, na kwa heshima ya kwao akiniita yaya, yaani kaka mkubwa. Nilimwonyesha kikosi changu wakati wa mapumziko, nikitarajia asifie. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Weye unaangaliaka majina, yaya. Mimi naangaliaka nani hachezi leo."

Akanikumbusha Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi kama yeye. Mei 2016, fainali ya upande wa Mashariki, Toronto Raptors dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Jonas Valančiūnas, senta wa kuanza wa Raptors, alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Biyombo, mtu wa benchi, akarithi nafasi. Kwenye mechi ya tatu alichukua ribaundi 26, akazuia mitupo minne, na akafunga pointi 7 tu. Nilipiga hesabu palepale juu ya boksi: ribaundi zinaleta 32.5, kuzuia mitupo 8, pointi 7. Jumla 47.5, alama za nyota, kutoka kwa mtu ambaye hakufikisha hata pointi kumi. Na hakukuwa na siri yoyote. Kila aliyesoma habari alijua Valančiūnas hayupo.

Tangu siku ile naifikiria timu ya kikapu kama familia yenye mali. Mali yenyewe ni dakika 240: wachezaji watano mara dakika 48. Hazipungui wala haziongezeki, isipokuwa mechi iingie muda wa nyongeza. Mchezaji anayecheza dakika 34 kila usiku akiumia, dakika zake hazizikwi naye. Zinarithiwa usiku uleule. Kazi yangu ni kujua mrithi ni nani kabla bei yake haijabadilika, maana bei hupangwa mapema, kabla ya habari za majeruhi kukamilika. Asubuhi mtu anauzwa 3,100 kwa sababu anacheza dakika tisa. Jioni anatangazwa kuanza, na bei bado ni 3,100.

Desemba 27 mwaka huohuo wa 2021 nililiona hilo kwa macho yangu, kwenye timu ya mji ninaoishi. Ilikuwa ile wiki ambayo UVIKO ulizifyeka timu nyingi, na ligi ikaruhusu wachezaji wa dharura kwa mikataba ya siku kumi. Minnesota Timberwolves walikuwa wanawapokea Boston Celtics bila nyota wao Karl-Anthony Towns, bila D'Angelo Russell, bila wengine kadhaa. Ukiitazama orodha ya waliobaki ungedhani mechi haina maana. Jaylen Nowell akafunga pointi 29. Nathan Knight, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, akapata pointi 20 na ribaundi 11. Greg Monroe, aliyekuwa nje ya NBA tangu 2019 na kuletwa kwa mkataba wa dharura, akapata pointi 11, ribaundi 9 na asisti 6. Minnesota wakashinda. Mimi usiku ule nilikuwa nimewakwepa wote kwa sababu niliona ni timu ya watu wasiojulikana. Nilikaa sebuleni nikitazama mchezo, theluji inaanguka nje, na nikaandika kwenye daftari sentensi moja: ubovu wa timu si ubovu wa mchezaji wa bei ya chini. Timu iliyofiwa na wakubwa wake wote ndiyo yenye urithi mkubwa kuliko zote.

Lakini urithi una ugomvi, na hapa ndipo nilipoteza hela nyingi zaidi baada ya kudhani nimeshaelewa. Nilikuwa nachukulia kwamba senta akikosekana, senta wa pili anachukua dakika zake zote. Si hivyo. Kuna kocha katikati, na kocha ana mawazo yake. Nakumbuka mechi ambayo senta mkubwa alitangazwa hachezi, nikamnunua wa pili yake kwa 3,300 nikiwa na uhakika kabisa, kama nusu ya washindani walivyofanya. Alianza mechi. Wapinzani wakaingiza kikosi cha watu wafupi wenye kasi, wakamkimbiza, na kufikia robo ya pili kocha alikuwa ameshamtoa na kumweka fowadi acheze katikati. Senta wangu alimaliza na dakika 14. Siku iliyofuata nilirudi kuangalia mechi za nyuma ambazo yule mkubwa alikosekana, na jibu lilikuwa pale wazi: kocha yule alikuwa ameshafanya hivyohivyo mara mbili.

Sasa siulizi nani yuko chini ya nani kwenye orodha. Natafuta mechi ya mwisho ambayo mtu huyuhuyu hakucheza, natazama dakika ziligawanywaje, na kama kocha ni yuleyule, hiyo ndiyo hati yangu ya mirathi. Kama haijawahi kutokea msimu huu, natazama wapinzani. Wana senta mzito anayehitaji mtu wa kumkaba? Basi wa pili atakaa uwanjani. Wanacheza wafupi? Naogopa.

Jambo jingine ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni aina ya alama. Kuna wachezaji wa bei ya chini wanaoishi kwa mitupo ya mbali. Usiku ikiingia, wanapendeza sana. Usiku isipoingia, wanakupa alama nne kwa dakika 22 na hakuna cha kufanya. Kwa pesa kidogo nataka mtu ambaye alama zake zinatoka kwenye kazi, siyo kwenye mkono kuwa na moto. Ribaundi ni kazi. Asisti za gadi anayeshika mpira ni kazi. Jordan McLaughlin, gadi wa akiba wa Minnesota miaka ile, alinifundisha hili. Mfupi, hafungi sana, hapotezi mpira hovyo. Siku alizopewa dakika, asisti zake na mipira anayoiba vilijaza kapu polepole bila mtu kumshangilia. Nimemtumia mara nyingi na sijawahi kulala nikimlaumu.

Kuna hesabu ambayo wachezaji wengi wa mchezo huu huifuata: kwa kila dola 1,000 ya bei, mtu akuletee angalau alama tano. Wa 3,000 akileta 15, amelipa deni. Ni kipimo kizuri, ila kilinipoteza kwa muda, kwa sababu nilikuwa namtazama wa 3,000 peke yake, kana kwamba anashindana na wa 3,200. Siku hizi nakaa na jozi. Nauliza: nikimweka huyu wa 3,000 pamoja na nyota wa 11,000, na nikiwaondoa wote wawili nikaweka wa 7,000 mara mbili, ni jozi ipi ina alama nyingi? Bei ni ileile, 14,000. Kuna usiku ambao hakuna mrithi wa kweli mahali popote, majeruhi hakuna, na kumlazimisha mtu wa 3,000 ili tu umpate nyota ni kujidhulumu. Usiku kama huo wachezaji wa bei ya kati ndio wenye faida. Nilichelewa kukubali hilo kwa sababu kumtafuta mtu wa bei ya chini kulikuwa kumeshakuwa furaha yangu, na furaha ilikuwa inanichagulia kikosi.

Muda wa habari ni nusu ya kazi yote. Kanuni niliyoikuta nilipoanza ilikuwa kwamba timu hutoa taarifa ya majeruhi saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia, na kama inacheza siku mbili mfululizo, taarifa ya mechi ya pili hutoka ifikapo saa saba mchana siku yenyewe. Kikosi cha kuanza hutangazwa nusu saa kabla ya mechi. Siku hizo mbili mfululizo nazipenda kuliko siku nyingine yoyote, maana wakongwe wanapumzishwa na habari hutoka wakati mimi niko mapumziko ya mchana. Mechi za Mashariki zikianza saa moja jioni kwao, huku kwetu ni saa kumi na mbili, na nyumbani Dar ni saa tisa usiku. Kaka yangu mdogo aliyeko kule aliwahi kuniuliza kwa nini naishi kwa saa za watu watatu.

Kwenye DraftKings kila mchezaji hufungwa mechi yake inapoanza, siyo wote kwa pamoja. Hii maana yake ni kwamba mchezaji wa mechi ya saa tatu usiku unaweza kumbadilisha hata kama wenzake wameshamaliza. Ilinichukua msimu mzima kuona kinachotokana na hilo. Nilikuwa namweka mtu wa kwanza kuanza kwenye ile nafasi ya mchezaji yeyote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. Saa tatu kasoro usiku habari inatoka kwamba nyota wa timu ya Magharibi hachezi na mrithi wake ni fowadi, lakini nafasi niliyobakiwa nayo ni ya senta tu. Mikono imefungwa. Sasa nafanya kinyume: nafasi ya yeyote naiachia anayeanza mwisho kabisa, na nafasi za gadi wa ziada na fowadi wa ziada nawapa wanaomfuatia. Na ninabakisha dola mia mbili tatu bila kuzitumia. Mwanzoni iliniuma kuziacha, kama kurudi sokoni na chenji huku mboga hazijatosha, ila mara kadhaa zile mia mbili ndizo zilizoninunulia mrithi.

Naz Reid nilimpenda mno. Hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti ya 2019, akaja Minnesota, akafanya kazi. Novemba 28, 2022, Towns aliumia msuli wa mguu na hakurudi hadi Machi. Kwa mtu wa Minneapolis anayecheza mchezo huu, ile ilikuwa neema. Wiki za mwanzo Reid alikuwa bei ya chini na alikuwa anatoa alama za mtu wa bei kubwa, hasa usiku ambao senta wao Rudy Gobert naye alikosekana. Kisha bei yake ikaanza kupanda, kama inavyopanda ya kila mtu anayefanya vizuri. Ikafika mahali anauzwa sawa na mtu wa kati, na Gobert amerudi, na dakika zake zimepungua. Mimi nikaendelea kumnunua. Daftari langu la Januari 2023 linanionyesha nilimweka usiku tisa, na usiku sita kati ya hizo hakulipa bei yake. Reid hakufanya kosa lolote. Mwaka 2024 alikuja kuchaguliwa mchezaji bora wa akiba wa ligi nzima, na nilifurahi kama shabiki. Lakini mtu wa bei ya chini ni hali inayopita, na bei ikishaifikia kazi yake unamshukuru na kumwachia.

Kuhusu hela nitasema wazi, kwa kuwa nimeona wenzangu wakinyamaza. Januari 2022, nikiwa nafukuza nilizopoteza, nilichukua dola 60 kwenye fungu la kumtumia mama. Nilimtumia zikiwa pungufu, na nikamwambia mambo ya kazini hayajakaa sawa. Mama alinijibu, "Hamna neno baba, we jitunze na baridi hiyo." Maneno yale yalinikaa kifuani wiki nzima. Nilimweleza mke wangu kila kitu. Tukakubaliana dola 10 kwa wiki, zinatoka kwenye posho yangu ya chakula cha kazini, na zikiisha Jumatano nasubiri Jumatatu. Mwezi uliofuata nilimpigia mama nikamwambia ukweli, na nikamtumia zile 60 juu ya fungu lake.

Na hesabu yenyewe inatisha ukiitazama. Kwenye shindano ambalo nusu ya juu hulipwa, unaweka dola 5 na ukishinda unapata 9, siyo 10. Kwa hiyo ukishinda nusu ya siku zako bado unapoteza. Unahitaji kushinda kiasi cha siku 56 kati ya 100 ndipo usipate hasara. Katika mashindano hayo sikwepi mrithi anayependwa na wote. Kama kila mtu anaye na mimi sina, nimejitenga na kundi kwa hasara yangu. Kwenye mashindano makubwa, ambako wachache wa juu ndio huchukua karibu zote, ndipo namfikiria mrithi wa pili, yule aliyepata dakika kumi za ziada bila kutangazwa. Huko naingia mara chache, kwa dola moja.

Kijana wa Lubumbashi alihamia Texas mwaka juzi, amepata kazi ya kuendesha lori. Hatuonani, ila jioni za mechi tunaandikiana. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni naosha vyombo, saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, simu ikaita. "Yaya, senta ya Magharibi hachezi. Angalia mechi ya mwezi uliopita, siyo wa pili aliyeingia." Nilikausha mikono, nikafungua daftari ukurasa wa mwezi uliopita. Kweli, fowadi ndiye aliyechukua dakika 31. Nafasi ya mwisho ilikuwa wazi, na nilikuwa nimebakisha 3,400. Fowadi alikuwa 3,300.